Ngome na Kisima: Matembezi ya Ibra katika Mji wa Kale, Mombasa



Mwenyezi Mungu, Subhanahu wa Taala, ametuhimiza mara nyingi katika Kitabu Chake kitukufu tutembee katika ardhi na tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tumeifahamu amri hii kuwa ni ya safari za mbali: kwenda Misri kutazama mambo ya Firauni, au kwenda kwenye majabali ya watu wa Thamud. Twasahau kwamba ardhi ni pamoja na hii iliyo chini ya miguu yetu. Mtu huzaliwa Kibokoni, akasoma chuoni papo hapo, akaoa na akazeeka papo hapo, na kila siku akipita chini ya kuta za Ngome kwenda kutafuta riziki, wala asipate hata siku moja kuingia ndani akatazama kuna nini. Mgeni kutoka ng'ambo hupanda ndege, akaja akasimama mlangoni na kitabu mkononi, na mwenye mji humtazama akajiuliza, "Huyu ataka kuona nini katika mawe haya?"

Sikuambii haya kwa kukulaumu, kwani mimi nami nilikuwa mmoja katika hao. Aliyenitoa katika usingizi huo ni mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye siku moja ya likizo alinishika mkono akaniambia, "Babu, nipeleke Ngomeni." Nikaona haya kumwambia kwamba mara ya mwisho niliyoingia nilikuwa mdogo kama yeye. Basi tukaenda. Na leo nataka nikuchukue wewe nawe, msomaji mpenzi, tuipite njia ile ile tuliyoipita mimi na yeye.

JIWE LA KUJISIFU

Juu ya mlango wa Ngome kuna jiwe lililoandikwa kwa Kireno. Wengi hupita chini yake wasiliinulie macho. Jiwe hilo laeleza habari za Francisco de Seixas de Cabreira, aliyekuwa mkuu wa Ngome tangu mwaka 1635, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba. Maneno yake yote ni ya kujisifu: kwamba aliijenga upya Ngome hii, kwamba aliwatiisha watu wa pwani na kuwatoza kodi wafalme wao, kwamba aliwaadhibu watu wa Pate na Siu akazibomoa kuta za miji yao, na kwamba aliwaua wakuu wa Pemba.

Nilipokwisha kumfasiria mjukuu wangu maneno hayo, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Babu, na sisi tulikuwa wapi?"

Ndugu msomaji, swali hilo la mtoto lilinichoma. Maana jiwe lile halina jina hata moja la mtu wa mji huu ila katika hesabu ya walioadhibiwa. Na mtoto akiliona hilo peke yake, asipate mtu wa kumwambia mengine, ataondoka akidhani kwamba historia ya mji wake ni historia ya waliomjia tu.

Tuanze basi na jiwe lenyewe. Wareno waliiona Mombasa mara ya kwanza mwaka 1498, Vasco da Gama alipopita akielekea Bara Hindi. Miaka saba baadaye, 1505, Francisco de Almeida aliuvamia mji huu akauteka nyara na kuuchoma moto. Ulipojengwa ukasimama tena, akaja Nuno da Cunha mwaka 1528, naye alipoondoka mwaka uliofuata aliuacha ukiwaka. Mara mbili mji wachomwa, na mara mbili watu warudi kwenye majivu, wazichimba nguzo na kuanza upya. Hilo halikuandikwa juu ya mlango wowote, lakini mji uliopo mbele ya macho yako ndio ushahidi wake.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593 ikamalizika 1596. Aliyeichora ni Mtaliana, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa katika utumishi wa mfalme aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe yale yale tunayojengea nyumba zetu. Na jina waliloipa ni jina la Nabii Isa, amani iwe juu yake. Hapa sharti tusimame kidogo. Isa bin Maryam ni Mtume mtukufu kwetu, na jina lake ni jina la rehema. Kulitundika jina hilo juu ya nyumba ya mizinga ni jambo la kumfanya mtu atafakari. Lakini usifanye haraka ya kuwacheka wengine, maana habari inayofuata yatuhusu sisi.

YUSUF BIN HASAN

Wareno walipokwisha kuimiliki Mombasa, walimhamishia hapa Sultani wa Malindi, aliyekuwa rafiki yao, awe mfalme wa mji. Urafiki wa mnyonge na mwenye nguvu haudumu. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na wakuu wa Ngome, akakimbilia bara, na huko akauawa mwaka 1614 kwa hila za Wareno hao hao. Mwanawe, Yusuf, alikuwa mtoto mdogo. Walimchukua wakampeleka Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Akafunzwa vita vya baharini, na alipokuwa mtu mzima akarudishwa Mombasa awe mfalme kwa ajili yao.

Lakini moyo wa mtoto haufunguliwi kwa ufunguo wa mtu mwingine. Waandishi wa Kireno wenyewe wasimulia kwamba alionekana akienda kwenye kaburi la babake kumwombea dua kwa desturi ya Kiislamu. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamwua mkuu wa Ngome, Pedro Leitão de Gamboa, akarudi katika Uislamu na jina lake la Yusuf. Manowari za Goa zilikuja mwaka 1632 kuitaka Ngome, zikashindwa zikarudi. Hata hivyo Yusuf hakukaa. Aliondoka kwa merikebu, akatangatanga baharini miaka kadhaa, na akafia Jeddah mwaka 1638. Wareno wakaipata tena Ngome yao, na ndipo yule Cabreira akaja akaandika jiwe lake.

Habari hii ikisimuliwa barazani, wengi huishia pale Yusuf anapochomoa jambia, na watu wakasema Allahu Akbar. Mimi nilimsimulia mjukuu wangu mpaka mwisho, nami nataka nikusimulie wewe vivyo hivyo. Baada ya kuishika Ngome, Yusuf aliwaua Wakristo wa mji, Wareno na Waafrika waliobatizwa, na katika waliouawa walikuwamo wanawake na watoto. Hakuna udhuru katika dini yetu wa kumwua mwanamke na mtoto asiyepigana. Mtume wetu, sala na amani zimshukie, aliwakataza majeshi yake jambo hilo waziwazi. Aliyedhulumiwa akiwa mtoto, alipopata nguvu alidhulumu watoto wa wenziwe. Hii ndiyo ibra, na ni ibra chungu: dhuluma hurithiwa kama mali, mpaka apatikane mtu mwenye taqwa wa kuukataa urithi huo.

NGOME HAIKUMKALIA MTU

Ukiingia ndani, utakuta uwanja mpana, kuta nene, na mizinga imelala kimya jua likiipiga. Hapo ndipo mtu afahamu maana ya kupita kwa dunia. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman ya Imam Seif bin Sultan yaliizingira Ngome. Mazingiwa hayo yalidumu miezi thelathini na mitatu. Ndani kukaingia njaa na maradhi, watu wakafa mmoja baada ya mmoja, na ilipotekwa mwezi wa Disemba 1698 walinzi waliosalia walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Katika waliokuwa ndani wakiilinda bendera ya Wareno walikuwamo pia Waswahili, Waislamu wenzetu wa Faza. Usishangae. Siasa za pwani hazikuwa nyepesi kama tunavyozisimulia.

Katika makumbusho utaona vyombo vilivyotolewa katika merikebu ya Kireno iitwayo Santo António de Tanná, iliyokuja 1697 kuwaokoa waliozingirwa, nayo ikazama mbele ya Ngome. Wapiga mbizi wa elimu ya mambo ya kale waliichimbua kutoka chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Utaona vyungu, sahani na vitu vidogo vidogo vya mabaharia. Kuna pia michoro ya ukutani, waliyoichora askari wa Kireno wakati wa zamu: merikebu, watu, majengo ya kwao. Mjukuu wangu aliitazama sana, kisha akasema, "Walikuwa wamekumbuka kwao." Naam. Hata adui ana kwao anakokukumbuka, na ni vizuri mtoto alijue hilo.

Kisha tazama zamu za watawala zilivyopita. Wareno waliirudisha Ngome mwaka 1728, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe wakainuka wakawatoa. Wakaja Mazrui, ambao kwanza walikuwa maliwali wa Oman, kisha wakatawala kwa amri yao wenyewe hadi 1837, Sayyid Said bin Sultan alipoutwaa mji. Nyumba za zama za Waomani na za Mazrui zingalipo ndani ya Ngome. Mwaka 1875 Al-Akida Muhammad bin Abdallah alimwasi Sultani wa Unguja akajifungia Ngomeni, na manowari za Waingereza zikaipiga mizinga mpaka akasalimu amri. Kuanzia 1895 Waingereza waliifanya jela. Jela! Nyumba iliyojengwa iwe kiti cha enzi cha pwani nzima ikawa ya wafungwa, mpaka mwaka 1958. Mwaka huo ikatangazwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, ikasafishwa na kuchimbuliwa, na mwaka 1960 ikafunguliwa iwe jumba la makumbusho. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni liliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia.

Hebu wahesabu, ndugu msomaji: Wareno, Yusuf, Wareno tena, Waomani, Mazrui, Masultani wa Unguja, Waingereza. Kila mmoja alidhani amekwisha kukaa, na leo hakuna hata mmoja aliyebaki ndani. Anayeingia ni mtoto wa shule na daftari lake.

KISIMA CHA MSIKITI

Tulipotoka Ngomeni tulishika Ndia Kuu, njia ya zamani ya Mji wa Kale. Si mwendo mrefu. Hapo, kati ya nyumba zilizosongamana, umesimama msikiti wa Mandhry, ambao kujengwa kwake huwekwa katika mwaka 1570. Mnara wake mweupe ni mnene chini, wapungua kadiri uendavyo juu. Ng'ambo ya njia kuna kisima. Msikiti huu ni mdogo. Hauna jiwe la kumsifu mtu juu ya mlango. Ulijengwa baada ya mji kuchomwa mara mbili, na miaka ishirini na mitatu kabla ya jiwe la kwanza la Ngome kuwekwa. Na tulipofika ilikuwa wakati wa adhuhuri, mwadhini akaadhini, watu wakaingia wakasali.

Nilisimama pale nikamwambia mjukuu wangu, "Uliniuliza sisi tulikuwa wapi. Tulikuwa hapa."

Kisha nikamsimulia habari ya Ibn Battuta, msafiri mkubwa wa Kiislamu kutoka Maghribi, aliyeteremka Mombasa mwaka 1331. Ni zaidi ya miaka mia moja na sitini kabla ya Wareno kuiona pwani hii. Alituandika kuwa ni watu wa dini, wenye staha na wema, na kwamba misikiti yetu wakati huo ilikuwa ya miti, iliyojengwa kwa ustadi mkubwa. Na lililomvutia zaidi ni visima. Alieleza kwamba kwenye mlango wa kila msikiti kulikuwa na kisima kimoja au viwili, vifupi, vya dhiraa moja au mbili, na watu walichota maji kwa kata ya mti yenye mpini. Kila anayetaka kuingia huosha miguu kwanza, kisha huifuta kwenye jamvi nene lililowekwa mlangoni.

Fikiri, ndugu msomaji. Mtu aliyekwisha kuona Makka, Cairo na Damascus aja Mombasa, na anachokiandika ni kisima na jamvi la kufutia miguu! Hakuandika ukubwa wa majumba yetu wala wingi wa dhahabu yetu. Aliandika usafi, adabu na maji yaliyowekwa tayari kwa kila ajaye. Tumefundishwa kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mtoto mwema amwombeaye dua. Aliyejenga Ngome aliacha kuta, zikachukuliwa na huyu na yule. Aliyechimba kisima hatumjui jina lake, na thawabu zake, inshallah, bado zaandikwa.

NYUMBA NA WALIOZIBEBA

Katika vichochoro vya Mji wa Kale tazama pia nyumba: kuta za matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, zidaka ndani ya kuta, roshani za mbao zinazoelekea njiani ili wanawake wa nyumbani wapate upepo na stara, baraza za mawe za kukaribishia wageni. Tazama milango ya nakshi, mfaa wake na kizingiti chake, na mingine yenye aya za Qurani juu yake. Ni haki yetu kujivunia mikono iliyofanya kazi hiyo.

Lakini tuseme kweli kamili. Si kila mkono uliobeba jiwe na kupasua boriti ulilipwa ujira wake. Katika nyumba nyingi kubwa za pwani walikuwamo watumwa, na utumwa haukufutwa kisheria katika nchi hii mpaka mwaka 1907. Dini yetu ilikifanya kitendo cha kumwacha huru mtumwa kuwa ibada kubwa na kafara ya madhambi, nasi tukachelewa mno. Kumtembeza mtoto mbele ya mlango mzuri bila ya kumwambia jambo hili ni kumfanyia hiana. Lile jiwe la Cabreira lilisema upande mmoja tu. Tusiwe nasi wenye kuandika mawe ya namna hiyo katika vifua vya watoto wetu.

AMANA ILIYO MIKONONI MWETU

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Yaliyomo Ngomeni yana wenyewe wa kuyalinda. Mawimbi yalipoanza kuula mwamba wa chini yake, ulijengwa ukuta wa kuyazuia. Je, yaliyomo majumbani mwetu yalindwa na nani? Mlango wa nakshi aliouweka babu huja mnunuzi akatoa fedha, ukang'olewa usiku, na asubuhi pametiwa mlango wa chuma. Sanduku la karatasi za Kiarabu na za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu huachiwa mchwa, kwa kuwa hakuna nyumbani anayejua kuzisoma. Nyumba ya wakfu warithi huigombania mpaka paa lianguke, na lengo la aliyeitoa likaanguka pamoja nalo.

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa katika zama za Mazrui. Alipokufa, kiasi cha mwaka 1840, mashairi yake yalikuwa vinywani mwa watu tu. Lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah kuyakusanya na kuyaandika, na kumsaidia mmisionari wa Kiingereza, W. E. Taylor, kuyahifadhi, leo tungelikuwa na jina la Muyaka bila ya maneno yake. Na karatasi hizo ziko wapi? Ziko London. Twawashukuru waliozitunza, lakini tujiulize kwa nini hazikupata sanduku salama Mombasa.

Wala hatukukosa mfano mwema miongoni mwetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekufa 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, pamoja na kazi zake zote za dini na gazeti lake la Al-Islah, alikaa akaandika tarikhi ya Mazrui kwa Kiarabu. Sheikh Mbarak Ali Hinawy, aliyekuwa Liwali wa Pwani, alikusanya maandishi ya kale na akaandika kitabu juu ya Al-Akida na Ngome. Wao walikuwa na shughuli kama sisi, na zaidi yetu.

Basi nakusihi mambo machache, ewe baba na ewe mama. Siku moja ya likizo wachukue watoto, anza Ngomeni na umalizie msikitini. Usiwaharakishe, waache waulize, na usilolijua mwulize mzee wa mtaa kabla hajaondoka. Wakataze kuchora majina yao kwenye kuta. Ukifika nyumbani, fungua sanduku la bibi mbele yao. Kama kuna karatasi usizoweza kuzisoma, mpelekee ajuaye, au uwaoneshe watu wa makumbusho, kabla ya mchwa kuzisoma. Na akija mwenye kutaka mlango wako, kumbuka kwamba fedha zitakwisha mwaka huu, na pengo litabaki.

Tulipokuwa tukirudi, mjukuu wangu aliniomba tusimame tena penye kile kisima. Akainama akatazama ndani, kisha akaniuliza, "Babu, nyumbani kwetu kuna kitu gani cha zamani?" Nikamwambia upo msahafu wa babu yangu, umo katika kabati, jalada lake limeachana. Akasema, "Basi leo tuushone."

Usiku ule tuliushona. Nakuuliza wewe nawe, ndugu msomaji: nyumbani kwako kuna nini, na nani ataushika uzi?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuzingatia, awarehemu waliotutangulia kwa imani, na atuwezeshe kuacha nyuma yetu visima, si mawe ya kujisifu. Amin.